Mashine ya CNC ya Nyumbani: Muda Unapotelea Wapi?

Kibao cha mninga cha sentimita 30 kwa 30, chenye maua ya kuchonga kama yale ya milango ya Zanzibar, kinaweza kuishughulisha mashine ya CNC, yaani ya kuchonga kwa amri za kompyuta, iliyoundwa nyumbani kwa saa tano nzima. Hesabu yake ni nyepesi. Biti ya kumalizia hupita mstari baada ya mstari, na kila mstari husogea pembeni milimita 0.3. Hiyo ni mistari 1,000 ya sentimita 30, yaani mwendo wa mita 300. Kwa kasi ya milimita 1,000 kwa dakika, ni dakika 300. Na katika muda wote huo uombe umeme usikatike, kwa sababu mota za mashine hizi hufuata amri bila kujipima zilipo. Zikizimika katikati ya ua, zikiwaka hazijui ziliishia wapi.

Fundi anayetaka kupunguza muda huo huanza na namba. Katika maagizo ya kuchonga, herufi F hubeba kasi. F1000 inageuzwa F3000, na matarajio ni kumaliza kwa theluthi ya muda. Kazi ikiisha, saa inaonyesha kuwa zimeokolewa dakika chache tu. Namba ya F huweka ukomo, na mashine inaweza kufanya kazi siku nzima bila kuugusa ukomo huo.

Kuondoka na kusimama

Daladala linalosimama kila kituo halifiki gia ya nne, hata injini yake iwe mpya. Mashine nayo, kabla ya kufikia kasi iliyoamriwa, inahitaji umbali wa kuchanganya mwendo, na umbali mwingine wa kusimama. Ili kupata kila umbali huo, chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, kisha gawa kwa mara mbili ya mchapuko, yaani kiwango cha mwendo unaoongezeka kila sekunde.

Mashine nyingi za nyumbani huongozwa na GRBL, programu huria iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwei mwaka 2009, ambayo hukaa ndani ya kibao kidogo cha Arduino Uno. Mipangilio yake ya kuanzia ni ya tahadhari mno: mchapuko wa milimita 10 kwa sekunde kila sekunde. Kwa kiwango hicho, kufikia F3000, ambayo ni milimita 50 kwa sekunde, kunahitaji milimita 125 za kuondoka na 125 nyingine za kusimama. Katika mstari wa sentimita 30, kasi kamili inapatikana kwa sentimita tano tu za katikati. Mchapuko ukipandishwa hadi 200, kuondoka kunachukua milimita sita na kitu.

Nakshi za mabonde na miinuko huongeza ugumu, kwa sababu hazina mstari mrefu ulionyooka. Kompyuta huzikatakata kuwa vipande ambavyo huenda kila kimoja kina milimita 0.1. GRBL hutazama mbele miendo 16 tu, na kwa usalama hupanga kana kwamba baada ya huo wa mwisho lazima isimame. Vipande 16 ni milimita 1.6 za barabara. Kwa mchapuko wa 10, mashine haiwezi kuzidi takriban milimita 340 kwa dakika, hata ukiandika F9000. Kwa mchapuko wa 200, ukomo unapanda hadi karibu 1,500. Njia nyingine haigusi chuma kabisa: iagize programu inayopanga njia iunganishe vipande vilivyo karibu kunyooka. Vikifika milimita 0.4, kasi inayowezekana huongezeka maradufu.

Kuna mwizi mwingine wa muda asiyeonekana kirahisi, naye ni mhimili wa Z, ule wa kupandisha na kushusha biti. Kwenye mteremko wa nyuzi 45, Z hupanda milimita moja kwa kila milimita ambayo X inasogea. Z ikiwa imewekewa ukomo wa milimita 300 kwa dakika, GRBL hupunguza mwendo wa mihimili yote ili isiachwe nyuma. Fundi anaweza kuhangaika na X na Y wiki nzima, kumbe anayewachelewesha wote ni Z.

Mota na skrubu

Mota ya hatua ya kawaida hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, na kila hatua hudai mkondo wa umeme ubadilike ndani ya koili. Koili kwa asili yake hupinga badiliko la ghafla. Kasi ikipanda, mkondo hauwahi kujaa kabla ya hatua inayofuata, na nguvu ya kuzungusha hushuka. Ndiyo maana mota iliyokuwa ikichoka kwa volti 12 huchangamka kwa 24 au 36, ilimradi draiva yake imeundwa kuhimili volti hizo.

Skrubu nayo ina neno lake. Nondo ya uzi ya M8 inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi husogeza milimita 1.25 kwa mzunguko. Mota ikizunguka mara 600 kwa dakika, mwendo ni milimita 750. Skrubu ya T8 inayosogeza milimita 8 kwa mzunguko hutoa 4,800 kwa mota ile ile. Gharama yake ni kwamba nguvu ya kusukuma hupungua, na kwenye Z kichwa kizito kinaweza kujishukia chenyewe umeme ukizimwa.

Mbao ina maoni yake

Wengi huamini kwamba kwenda polepole ni kuitunza biti. Fizikia ya ukataji inasema vingine. Biti ya meno mawili inayozunguka mara 18,000 kwa dakika, ikisukumwa milimita 1,000 kwa dakika, huchukua milimita 0.028 tu kwa kila jino. Wembamba huo ni mdogo mno kwa jino kushika. Badala ya kukata, linasugua. Msuguano huzaa joto, mbao inaungua kingo, biti inapoteza makali. Tazama kinachodondoka: unga laini uliochanganyika na harufu ya kuungua unadai mwendo uongezwe au mizunguko ipunguzwe, wakati maranda madogo yanayoshikika kwa vidole ni dalili ya ukataji wenye afya, kwani huondoka na sehemu ya joto.

Mzigo ukiongezeka, biti hupinda. Kupinda huko hufuata urefu uliotokeza kwenye kishikio, kwa kipeo cha tatu: ukipunguza urefu kwa nusu, kupinda kunabaki moja ya nane. Kurudisha biti ndani ni marekebisho ya bure yanayolipa sana.

Mistari michache, msasa kidogo

Faida kubwa kuliko zote imejificha katika ile milimita 0.3 ya mwanzo. Biti ya ncha ya duara huacha matuta madogo kati ya mstari na mstari, na kimo chake ni mraba wa nafasi hiyo, ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha biti. Kwa biti ya milimita 3, nafasi ya 0.3 huacha tuta la milimita 0.0075. Nafasi ya 0.6 huacha 0.03, ambayo bado ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Muda umekatwa nusu, na matuta hayo yanaondoka kwa msasa ambao mninga ungepigwa kwa vyovyote vile. Sehemu kubwa ya mbao ya kuondoa iondolewe kwanza kwa biti bapa ya milimita 6, ili ile nyembamba ikute ganda dogo tu la kumalizia. Mistari nayo ipangwe kufuata mhimili mwepesi, kwani kubadili mwelekeo wa fremu nzima maelfu ya mara hula muda na kuitikisa mashine.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi unajulikana: kwanza njia ya biti, kisha mchapuko, kisha Z, na mota mpya mwisho kabisa, kwa kuwa ndizo pekee katika orodha hii zinazodai fedha nyingi. Mpaka wa mashine yako utaujua kwa kipimo kimoja. Weka alama mahali pa kuanzia, iendeshe huku na huko kwa dakika kadhaa kwa mipangilio mipya, kisha iamuru irudi sifuri. Ikirudi pembeni ya alama, hatua zimepotea: shusha mchapuko au kasi kwa robo, kisha rudia kipimo. Ikirudi palepale, fanya jaribio la mwisho biti ikiwa ndani ya kipande cha mbao chakavu, kwa sababu mzigo wa kukata hudai nguvu ambayo mwendo wa hewani hauidai.