Sange na Kurumbiza wa Arabuko-Sokoke

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Leo twaingia msitu wa Arabuko-Sokoke, kule kati ya Kilifi na Malindi. Nyamazeni kidogo. Mwasikia hayo majani makavu, chakara chakara? Huyo ni sange.

Ukimwona ghafla utapiga kelele, "Babu, panya buku!" Ana uzito wa nusu kilo na ushei. Lakini mtazame pua: ndefu, inapindapinda kama kidole kinachotafuta sarafu mfukoni. Tena wataalamu waliochunguza nasaba yake wamekuta si panya hata kidogo. Jamaa zake ni tembo, pimbi na nguva. Msinicheke, ndivyo ilivyo.

Kwa pua hiyo hufukua majani akitafuta panzi, tandu, jongoo na buibui. Nyuma yake, hatua mbili tatu, anarukaruka kurumbiza, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Yeye hajisumbui kufukua. Mdudu akimponyoka sange, kurumbiza humdaka. Mdoezi huyo! Hata nyimbo anazoimba, nyingi kaziazima kwa ndege wengine.

Mimi nampenda sange. Matakoni ana manjano yanayong'aa, na ngozi ya hapo ni nene, maana sange wakigombana huumana huko. Akihisi hatari hupigapiga mkia juu ya majani, kisha hutimua mbio. Kiota chake hukijenga alfajiri, majani yakiwa yamelowa umande, yasije yakachakarika adui akasikia. Tena hana kimoja. Ana kadhaa, leo hulala hiki, kesho kile. Mume na mke huishi eneo moja miaka yote, lakini kila mtu na kiota chake! Na mama huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba.

Sasa hesabuni wenyewe. Kurumbiza mwamkuta hadi Afrika Kusini. Sange huyu wa manjano hana kwao pengine ila misitu michache ya pwani ya Kenya, na wengi wako humuhumu Arabuko-Sokoke, kwenye kilomita za mraba 420 hivi. Miti ikikatwa, hana pa kuhamia. Tanzi zikitegwa chini, shingo yake ndiyo inayopita hapo. Kurumbiza yeye huruka juu ya tanzi, na sange akikosekana, hufuata msafara wa siafu akadaka wadudu wanaowakimbia.