Kisoma Kadi cha Mstari wa Sumaku: Kinavyofanya Kazi na Kinavyopangwa kwenye Mfumo wa Mauzo

Malengo. Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza jinsi data inavyohifadhiwa na kusomwa kwenye mstari wa sumaku;
(b) kutaja hatua za kuunganisha na kupanga kisoma kadi kwenye kompyuta ya mauzo;
(c) kutafuta chanzo cha hitilafu kwa kuangalia dalili yake;
(d) kueleza kwa nini kadi za benki zimehamia kwenye chipu.

Utangulizi

Kisoma kadi ni kifaa cha kuingizia data, kama kibodi, kipanya na kisoma msimbopau. Watahiniwa wengi hukitaja vizuri kwenye orodha, lakini swali likigeuka kuwa "eleza", hukwama. Tuanze na kitu unachokiona kila siku. Mwalimu au muuguzi wa Nyabusozi anayetaka sehemu ya mshahara wake halazimiki kusafiri hadi tawi la benki mjini Biharamulo. Anaweza kwenda kwa wakala mwenye mashine ya POS, akatoa kadi, akabonyeza namba ya siri, akapewa fedha na risiti. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, na tangu hapo huduma hii imefika hadi vijijini.

Usichanganye mashine hiyo na mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010. EFD hurekodi mauzo kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. POS ya benki huhamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Zote mbili hutoa risiti, lakini kazi zake ni tofauti.

1. Mstari wa sumaku una nini?

Kadi ya kawaida ina urefu wa milimita 85.60, upana wa milimita 53.98 na unene wa milimita 0.76. Vipimo hivi ni vya kimataifa, ndiyo maana kadi iliyotolewa Dar es Salaam huingia kwenye mashine ya Rusumo au ya Kigali. Mstari mweusi au wa kahawia nyuma ya kadi umepakwa chembe ndogo sana zinazoweza kufanywa sumaku. Wazo la kubandika mstari huu kwenye kadi lilitoka kwa Forrest Parry, mhandisi wa IBM nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mstari umegawanyika katika njia tatu:

Njia ya 1: hadi herufi 79, biti 210 kwa inchi, biti 7 kwa kila herufi. Hubeba herufi na tarakimu, kwa mfano jina la mwenye kadi.
Njia ya 2: hadi herufi 40, biti 75 kwa inchi, biti 5 kwa kila herufi. Hubeba tarakimu na alama chache tu, kwa mfano namba ya kadi na tarehe ya mwisho wa matumizi.
Njia ya 3: hadi herufi 107, biti 210 kwa inchi, biti 5 kwa kila herufi. Hutumika mara chache.

Kila njia ina alama ya kuanzia na ya kumalizia. Njia ya 1 huanza na %, njia ya 2 huanza na ;, na zote humalizia na ?. Zingatia: namba ya siri haisomwi kutoka kwenye mstari. Mteja huiingiza mwenyewe, na benki ndiyo huihakiki.

Mfano wa 1. Je, data ya njia ya 2 inatosha kwenye kadi?
Jumla ya biti = 40 × 5 = 200.
Urefu unaohitajika = 200 ÷ 75 = inchi 2.67, sawa na sentimita 6.77 (inchi 1 = sentimita 2.54).
Kadi ina sentimita 8.56, hivyo data inatosha.

2. Kisoma kadi husomaje?

Hapa Fizikia na Kompyuta zinakutana. Ndani ya kisoma kadi kuna kichwa chenye koili. Kadi ikipita, chembe zenye mielekeo tofauti ya sumaku hubadilisha usumaku unaopita kwenye koili. Kwa kanuni ya Faraday, mabadiliko hayo huzalisha volti. Kila mwelekeo unapogeuka, volti hupanda au hushuka, na sakiti hutafsiri mapigo hayo kuwa 0 na 1.

Kutokana na kanuni hiyo tunapata majibu mawili ya mtihani. Kwanza, kadi iliyosimama haisomeki, kwa sababu hakuna mabadiliko ya usumaku. Pili, kadi inayopitishwa polepole mno hutoa volti ndogo, na usomaji unaweza kushindwa. Mtu anapochanja kadi, aipitishe kwa mwendo mmoja bila kusita.

Ili kugundua makosa, kila herufi huongezewa biti ya ukaguzi inayofanya idadi ya 1 kuwa witiri. Tarakimu 5 ni 0101. Ina 1 mbili, hivyo biti ya ukaguzi ni 1. Tarakimu 7 ni 0111. Ina 1 tatu, hivyo biti ya ukaguzi ni 0. Kisoma kadi kikipata 0111 na biti ya ukaguzi 1, jumla ya 1 ni nne, ambayo ni shufwa. Kinajua kuna kosa, na mteja huombwa kupitisha kadi tena.

3. Hatua za kupanga kisoma kadi

Tuchukue duka la ushirika la shule linalowapa wanachama kadi. Kadi moja ina namba 0452713 kwenye njia ya 2. Programu ya mauzo inasubiri namba hiyo, kisha kitufe cha Enter.

Hatua ya 1: Chagua namna ya kuunganisha. Visoma kadi vingi vya USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Kila herufi iliyosomwa huonekana kama imebonyezwa na mtu. Vingine hutumia poti ya mfululizo, na hapo kasi na mpangilio wa biti lazima ulingane pande zote mbili, kwa mfano biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, na biti 1 ya kusimamia.

Hatua ya 2: Jaribu kabla ya kufungua programu ya mauzo. Fungua Notepad, pitisha kadi ya mwanachama, uone kinachoandikwa. Usijaribu kwa kadi ya benki ya mtu. Namba yake itabaki wazi kwenye skrini.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kusoma. Duka letu linahitaji njia ya 2 tu; zima njia ya 1 na ya 3.

Hatua ya 4: Ondoa alama zisizohitajika. Notepad ikionyesha ;0452713? programu itatafuta mwanachama mwenye jina hilo zima na haitampata. Panga kisoma kadi kisitume alama ya kuanzia na ya kumalizia.

Hatua ya 5: Ongeza Enter mwishoni, ili muuzaji asilazimike kuibonyeza kila mara.

Hatua ya 6: Jaribu kadi kadhaa ndani ya programu ya mauzo, kisha andika mipangilio yote kwenye daftari. Kifaa kikiharibika, anayekuja baada yako hataanza upya.

Mashine ya POS ya benki ni tofauti. Namba ya mashine, namba ya wakala na funguo za kuficha data huwekwa na benki au fundi wake aliyeidhinishwa. Wakala hubadilisha karatasi, huchaji betri na huangalia mtandao. Mtu akija dukani akidai anataka "kuseti upya" mashine, wakala apige kwanza namba rasmi ya benki yake. Mashine iliyochezewa inaweza kunakili kadi za kijiji kizima.

4. Dalili na chanzo

Hakuna kinachoandikwa: kebo haijashika, kadi imegeuzwa upande, au mstari umefutika.
Kadi moja haisomeki lakini nyingine zinasomeka: tatizo ni kadi. Mstari wenye nguvu ndogo, oersted 300, hufutika upesi ukikaa karibu na sumaku. Ule wa oersted 2750 hustahimili zaidi.
Kadi zote zinasomeka kwa shida: kichwa kina vumbi. Tumia kadi maalumu ya kusafishia.
Namba inaonekana lakini programu haiendelei: Enter haijawekwa mwishoni.
Namba 0452713 inaonekana kama à'(éè&": kompyuta imepangwa kwa kibodi ya Kifaransa, jambo linaloweza kutokea kwa kompyuta iliyovuka mpaka kutoka Burundi kuja Ngara. Kisoma kadi ni kizima. Badilisha mpangilio wa kibodi kwenye kompyuta.

5. Kwa nini chipu?

Data ya mstari haibadiliki. Leo, kesho na mwaka ujao mstari unasema maneno yaleyale, hivyo anayeunakili anaweza kutengeneza kadi ya pili. Akiona na namba ya siri wakati mteja anaibonyeza, mshahara wa mwezi mzima unaweza kutoweka kwa usiku mmoja. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala. Msimbo ulioibwa jana haufai leo. Ndiyo maana ukipitisha mstari wa kadi yenye chipu, mashine hukuambia uichomeke. Mwaka 2021 kampuni ya Mastercard ilitangaza kwamba kufikia mwaka 2033 kadi zake za benki na za mikopo hazitakuwa na mstari wa sumaku. Sheria za usalama wa kadi pia zinakataza duka kuhifadhi data nzima ya mstari baada ya malipo kuidhinishwa.

Tahadhari kwa mtahiniwa: usiandike "chipu haiwezi kuibiwa". Andika "chipu ni ngumu zaidi kunakili", kisha toa sababu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini kadi iliyosimama ndani ya kisoma kadi haisomeki. (alama 3)
2. Kokotoa urefu, kwa sentimita, unaohitajika na herufi 107 za njia ya 3. (alama 4)
3. Kisoma kadi kimepokea 1001 na biti ya ukaguzi 0. Je, herufi ni sahihi? (alama 3)
4. Taja tofauti mbili kati ya EFD na POS ya benki. (alama 4)

Majibu mafupi

1. Hakuna mabadiliko ya usumaku kwenye koili, hivyo hakuna volti inayozalishwa.
2. 107 × 5 = biti 535; 535 ÷ 210 = inchi 2.55, sawa na sentimita 6.47.
3. Si sahihi. Jumla ya 1 ni mbili, ambayo ni shufwa, inatakiwa witiri.
4. EFD hurekodi mauzo, POS huhamisha fedha. EFD hutuma taarifa Mamlaka ya Mapato, POS huwasiliana na benki.