Kiungulia Kisichosikia Dawa: Je, Upasuaji Unafaa?



Kamati za sharika hupokea maombi ya kuchangia matibabu ya washarika. Mara nyingine mwombaji ni mtu aliyemeza dawa za kiungulia kwa muda mrefu bila nafuu, na sasa familia yake imesikia kuwa upo upasuaji. Je, kamati ichange au ingoje? Tumeona vema tulieleze jambo hili, ili sadaka za Wakristo na michango ya wafadhili wetu itumike panapofaa.

Kiungulia hutokana na nini?

Chakula hushuka tumboni kwa kupitia umio. Mwishoni mwa umio kuna msuli unaojifunga ili tindikali ya tumbo isipande. Msuli huo ukilegea, au sehemu ya tumbo ikipenya kwenda kifuani (hiyo ni aina ya ngiri), tindikali hupanda na kuuchoma umio. Dawa kama omeprazoli hupunguza tindikali, lakini haikazi msuli uliolegea.

Upasuaji hufanyaje?

Daktari huzungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye mwisho wa umio na kuishona, ili kuusaidia msuli. Njia hii ilianzishwa na mpasuaji Rudolf Nissen, aliyetoa taarifa yake mwaka 1956. Tangu mwaka 1991 hufanyika pia kwa matundu madogo na kamera. Hata hivyo ina madhara yake: wengine hupata shida ya kumeza, tumbo kujaa gesi au kushindwa kucheua, na baadhi hurudia dawa baada ya miaka kadhaa.

Utafiti wa mwaka 2019

Katika hospitali za askari wastaafu nchini Marekani walichunguzwa watu 366 ambao kiungulia chao hakikusikia omeprazoli. Kwanza walielekezwa kumeza dawa hiyo kwa utaratibu, mara 2 kwa siku kabla ya chakula. Watu 42 walipata nafuu kwa hilo tu! Vipimo vilionyesha kuwa 99 kiungulia chao hakikutokana na tindikali, na 23 walikuwa na magonjwa mengine ya umio. Wengine waliondolewa kwa sababu mbalimbali, wakabaki 78.

Hao 78 waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu ya kuridhisha 18 kati ya 27. Walioongezewa dawa nyingine ni 7 kati ya 25, na waliobaki na omeprazoli pekee ni 3 kati ya 26. Kwa hiyo upasuaji unasaidia kweli, lakini kwa wale waliochujwa kwa vipimo. Kati ya wote waliofika, ni mmoja tu katika kila watano hivi aliyefikia hatua hiyo.

Kamati iulize nini?

1. Je, mgonjwa humeza dawa kila siku, kama nusu saa kabla ya kula, kama alivyoandikiwa na daktari?

2. Je, amepimwa umio na tumbo kwa mpira wenye kamera? Je, imepimwa tindikali inayopanda, na nguvu ya umio kusukuma chakula?

3. Je, ipo barua ya daktari mpasuaji inayoeleza sababu za upasuaji, gharama zote, na tarehe za kurudi kliniki?

Majibu yakikosekana, tunashauri mchango wa kwanza uwe wa vipimo na nauli. Ndugu wafadhili, mchango wa kipimo hauna picha ya kuvutia kama wa chumba cha upasuaji. Lakini ndio unaomwokoa mtu asipasuliwe bure, na familia isiuze shamba kwa matibabu yasiyomfaa.

Dalili zisizongoja kikao

Chakula kukwama kooni au kifuani, kukonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi ni dalili za hatari. Saratani ya umio ni ya kawaida katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, pamoja na jasho, yaweza kuwa ya moyo. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mambo ya mchango yatafuata.