BONDIA, MCHUNGAJI, KISHA MKUU WA JIMBO: Tommy Douglas na vita vya bili za hospitali

Msomaji wangu, sisi tuliowahi kukesha na mikanda ya "24" tunamjua vizuri Jack Bauer, yule jamaa asiyelala wala kula. Aliyecheza nafasi ile ni Kiefer Sutherland. Wasichojua wengi ni kwamba mama yake, mwigizaji Shirley Douglas, alikuwa binti wa mwanasiasa wa jimbo moja huko Kanada, na kwao babu ana jina kuliko mjukuu. Wiki hii zamu ni ya babu. Mastaa wa sinema tumeshawaandika vya kutosha.

Thomas Clement Douglas, Tommy kwa mkato, alizaliwa Scotland mwaka 1904. Wazazi wakahamia Winnipeg, Kanada, akiwa bado mtoto. Goti la kulia alikuwa ameliumiza tangu Scotland, mfupa ukaoza kwa ndani, dawa hazisikii. Baba mtu alikuwa fundi wa kusubu chuma, hela ya daktari bingwa hana. Ikaamuliwa mguu ukatwe. Ghafla akatokea bingwa mmoja wa mifupa, akasema atampasua bure, mradi wanafunzi wake waruhusiwe kuangalia. Mguu ukapona!

Mwingine angeshukuru Mungu yakaisha. Tommy hakuyaacha yaishe. Alikua akijiuliza: je, yule daktari asingepita wodini siku ile? Mtoto wa maskini abaki na mguu kwa bahati nasibu? Jirani yetu mmoja aliwahi kujifungua salama kisha akazuiliwa wodini kwa sababu ya bili, mtaa mzima tukachangishana, kwa hiyo swali hilo mimi silioni kama la Kizungu.

Basi, mguu huohuo ukampandisha ulingoni. Mwaka 1922 alitwaa ubingwa wa masumbwi wa Manitoba, uzito mwepesi, na 1923 akautetea. Pua ilivunjwa, meno kadhaa yakaenda. Baadaye akasomea uchungaji, na 1930 akapewa kanisa la Kibaptisti katika mji wa Weyburn, jimbo la Saskatchewan, wakati ukame na bei mbovu ya ngano vilikuwa vimewanyoosha wakulima. Hapo ndipo siasa ilipomwita. Kura za jimbo za 1934 akabwagwa, 1935 akaingia bunge la taifa.

Doa analo. Mwaka 1933, kwenye tasnifu yake ya chuo, aliunga mkono watu walioonekana wana kasoro za akili wafungwe uzazi. Mawazo ya ovyo kabisa. Baadaye aliyatupa, na alipokuwa Waziri wa Afya wa jimbo alikataa kuyatekeleza.

Mwaka 1944 akaongoza chama cha CCF, wajamaa hao, wakazoa viti 47 kati ya 52. Amerika ya Kaskazini ilikuwa haijawahi kuona serikali ya namna hiyo. Mdomo alikuwa nao: inasimuliwa kwamba aliwahi kupanda juu ya mtambo wa kutawanya samadi ahutubie wakulima, akasema ni mara yake ya kwanza kuongea kutoka jukwaa la chama cha wapinzani wake. Watu hoi!

Lakini hakuishia kwenye vichekesho. Kuanzia Januari 1, 1947, kila mkazi alilipa dola 5 kwa mwaka, familia isizidi dola 30, akilazwa hadaiwi. Umeme ukasambazwa mashambani. Akashinda chaguzi tano mfululizo. Ule wa 1960 aliuendea na ahadi nzito: kumwona daktari nako kulipiwe na mfuko wa umma.

Madaktari wakacharuka. Sheria ilipita Novemba 1961, mwezi uleule Tommy akang'atuka kwenda kuongoza chama kipya cha kitaifa, NDP. Juni 1962 akagombea ubunge wa taifa kule Regina, mji mkuu wa jimbo, akapigwa chini. Wiki mbili baadaye, Julai 1, mpango ukaanza na madaktari wengi wakafunga zahanati zao. Hebu fikiria mwenye mtoto mgonjwa siku hizo! Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Mgomo ulidumu siku 23, yakafikiwa makubaliano, mpango ukabaki. Mwaka 1966 bunge la taifa likapitisha sheria ya mfano huo, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa ndani.

Tommy alifariki Februari 1986. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya CBC walimpigia kura kuwa Mkanada mkuu kuliko wote, akawapita hata wachezaji wa hoki.

Mimi kura yangu ningeigawa. Aliyekaa ofisini siku zile 23 akitukanwa ni mrithi wake, Woodrow Lloyd, mwalimu mmoja mpole. Uchaguzi wa 1964 wakamng'oa.