Glovu zinazosema: Mhandisi alivyofunzwa kazi na watoto wa Migori

MTOTO kiziwi anapougua usiku katika kijiji cha Kaunti ya Migori au ya Homa Bay, hulazimika kumpata mtu wa kumsemea kabla ya kumpata daktari. Mama akiwa hajui ishara, na mhudumu wa zahanati naye hazijui, maumivu ya mtoto hukisiwa tu. Dawa nayo hutolewa kwa kukisia.

Pengo hilo ndilo lililomsukuma mhandisi Mkenya, Bw Roy Allela, kubuni glovu zinazogeuza ishara za vidole kuwa sauti. Ubunifu huo, alioupa jina la Sign-IO, ulimpatia sifa katika mabara kadhaa. Hata hivyo, mafunzo makuu aliyapata katika shule moja ya watoto wenye mahitaji maalumu, huko Migori.

Chimbuko la mradi lilikuwa nyumbani. Bw Allela ana mpwa aliyezaliwa kiziwi. Hakuna aliyejua lugha ya ishara katika familia, na kwa hiyo binti huyo alipata taabu kubwa kuwasiliana hata na jamaa zake wa karibu. Kila alipotoka nje alihitaji mkalimani. Mjomba mtu alijiuliza maisha ya mtoto huyo yangekuwaje shuleni na kazini iwapo angepata nafasi sawa na wenzake.

Wakati huo Bw Allela alikuwa ameajiriwa na kampuni ya tarakilishi ya Intel, na pia alikuwa akifundisha sayansi ya data katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Ujuzi wa programu alikuwa nao tayari. Alichohitaji ni kuuelekeza kwenye haja aliyoiona kila siku.

Utendakazi wa glovu hizo si mgumu kueleweka. Kila kidole kimewekewa kitambuzi cha mkunjo, yaani kipande chembamba ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kinapopindwa. Kidole kikinyooka, kipimo huwa kimoja. Kikikunjwa nusu, huwa kingine. Kikifumbatwa kabisa, huwa tofauti tena. Vipimo vya vidole vyote vikiwekwa pamoja hufanya alama ya kipekee kwa kila herufi.

Alama hiyo hupelekwa kwenye simu ya mkononi kwa njia ya Bluetooth, bila waya. Programu iliyomo ndani ya simu huilinganisha na alama ilizofunzwa, huamua ni herufi gani iliyokusudiwa, kisha huitamka kwa sauti.

Ugumu wa kazi hiyo umo katika kuamua. Hakuna watu wawili wanaokunja vidole sawasawa, na mkono wa mtoto si mkono wa mtu mzima. Hata mtu mmoja hubadilika akichoka au akiwa na haraka. Programu ni lazima ijifunze kuvumilia tofauti hizo bila ya kuchanganya herufi moja na nyingine. Bw Allela aliripoti kwamba glovu zake zilipatia kwa wastani wa asilimia 93.

Majaribio ya nyanjani yalifanyika Migori, na hapo ndipo watoto walipogeuka kuwa walimu. Jambo kubwa waliloligusia lilikuwa kasi. Kama vile wapo watu wasemao upesi na wasemao polepole, ndivyo walivyo watumiao ishara. Mtoto mwenye mkono mwepesi huona kifaa kinamchelewesha, na mwenye mkono wa taratibu huona kinamkatiza. Mhandisi ilimbidi airekebishe programu ili kila mtumiaji ajichagulie kasi inayomfaa.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliye mezani jijini Nairobi anaweza kupima ukinzani wa umeme hadi tarakimu ya mwisho, lakini asijue kwamba sauti nzito ya mwanamume ikitoka kwenye simu ya msichana mdogo humtia haya. Programu ya Sign-IO ilimruhusu mtumiaji kuchagua lugha, sauti ya kike au ya kiume, na hata kimo cha sauti hiyo.

Sura ya glovu nayo ilizingatiwa. Bw Allela alipendekeza zitengenezwe kwa mitindo ambayo watoto wenyewe huipenda, ikiwemo ya mashujaa wa filamu kama Spider-Man, ili mvaaji aonekane ana kitu cha kutamaniwa badala ya kuonewa huruma.

Mwaka wa 2017 Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani (ASME) kiliitunuku Sign-IO katika mashindano yake ya ubunifu. Mnamo 2019, mhandisi huyo akiwa kijana wa miaka ya ishirini, alifika fainali ya Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Fainali hiyo ilifanyika Kampala, Uganda. Ushindi ulimwendea Bw Neo Hutiri wa Afrika Kusini, aliyebuni makabati ambamo wagonjwa huchukua dawa zao bila kupanga foleni. Bw Allela naye alieleza nia ya kuhakikisha kila shule ya mahitaji maalumu nchini Kenya inapata angalau jozi mbili za glovu.

Sifa hizo hazikufuta swali ambalo viziwi wenyewe wamekuwa wakiliuliza kuhusu glovu za aina hii kote duniani: je, mkono peke yake unatosha kubeba lugha?

Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na hukosea anayedhani kuwa ni Kiswahili au Kiingereza kilichoandikwa hewani. Sentensi inaweza kuwa swali kwa kuinua nyusi, na mwelekeo wa mwili unaweza kuonyesha nani alimtenda nani. Herufi za vidole hutumiwa zaidi kutaja majina na maneno yasiyokuwa na ishara. Kwa hiyo kifaa kinachosoma herufi moja moja kinamsaidia kiziwi kutaja jina lake au kuomba maji, lakini hakijakaribia mazungumzo yake ya kawaida na wenzake.

Lawama kama hizo ziliwahi kutolewa Marekani mwaka wa 2016, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington waliposhinda tuzo kwa glovu za namna hiyo. Wataalamu wa lugha ya ishara walisema wabunifu wasiowashirikisha viziwi tangu mwanzo hutatua tatizo la wanaosikia, ambao hawataki kujifunza, na kumwachia kiziwi mzigo wa kuvaa kifaa.

Kuna upungufu mwingine. Glovu husafirisha maneno upande mmoja tu. Kiziwi akiuliza bei sokoni, simu itamsemea; muuzaji akijibu, glovu hazina la kumwambia aliyeuliza.

Suala la lugha lina uzito wa pekee katika kaunti hizi mbili jirani. Homa Bay ina Wajaluo na Wasuba, na Migori ina Wajaluo, Wakuria na jamii nyinginezo. Mwanafunzi wa shule ya viziwi ya Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, hujifunza ishara na kusoma Kiingereza darasani, kisha likizo ikifika hurudi kwa nyanya ambaye huenda anazungumza Kijaluo pekee. Simu itakayomsemea kwa Kiingereza mbele ya nyanya huyo itakuwa imemvusha mto mmoja na kumwacha ukingoni mwa mwingine.

Katiba ya 2010 imeipa lugha hii hadhi kubwa. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iendeleze matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kuitumia, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 150,000 wenye matatizo ya kusikia. Hata hivyo, haki iliyo kwenye karatasi haimfikii mgonjwa zahanati iwapo pale hakuna hata mtu mmoja anayejua ishara ya neno “maumivu.”

Wahandisi waliofuata wamejaribu kuziba pengo hilo kutoka upande wa pili. Mwezi Oktoba 2025, Mkenya Elly Savatia alishinda tuzo ile ile ya Afrika, pamoja na pauni 50,000, kwa programu yake ya Terp 360. Programu hiyo husikiliza maneno yanayosemwa na kuyageuza kuwa ishara zinazoonyeshwa na sanamu inayotembea kwenye kioo cha simu au tarakilishi. Ishara hizo zilirekodiwa kwa kushirikiana na viziwi wenyewe. Kwa kuwa sanamu ina uso na mwili mzima, inaweza kubeba baadhi ya yale ambayo glovu ziliyaacha.

Kati ya kazi ya Bw Allela na ile ya Bw Savatia, njia inayofaa kufuatwa na kijana anayetamani uhandisi wa programu imeanza kuonekana. Aanze na mtu anayemjua kwa jina, na shida aliyoishuhudia kwa macho. Atengeneze kifaa kidogo kinachofanya kazi, kisha akipeleke kwa wenye shida kabla hajakipeleka kwa waamuzi wa mashindano, na awe tayari kuvunja alichokijenga watakapomwambia hakifai.

Familia nazo hazina sababu ya kungojea. Glovu zinahitaji simu, simu inahitaji chaji, na vyote viwili vinahitaji fedha. Mzazi anayejifunza ishara 20 za kwanza kutoka kwa mwanawe wakati wa likizo, kama vile za njaa, homa, hofu na furaha, tayari ameweza kuyajua maumivu ya mtoto wake usiku ule wa ugonjwa, bila ya kukisia.