Skrubu ipi ibaki gotini?

Ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo wapenzi wa soka wanaiita ACL, ikikatika kabisa, kwa kawaida daktari haishoni. Huvuna kano ya mgonjwa mwenyewe, ama ya chini ya pia ya goti pamoja na vipande vya mfupa kwenye ncha zake, ama za nyuma ya paja. Huipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mfupa wa paja na wa ugoko, kisha huibana. Aibane kwa kitu gani?

Mjini Babati swali hili lina wenyewe. Fountain Gate wamecheza Ligi Kuu kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa, vijana wanacheza mitaani, na bodaboda zinaanguka kila siku. Aliyeumia huenda akapanda basi hadi hospitali ya KCMC, Moshi, au taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Kitakachowekwa gotini mwake kitarudi naye mbali na aliyekiweka.

Mwaka 1987, Masahiro Kurosaka na wenzake walipima njia mbalimbali za kubana, wakaona kwamba mwanzoni udhaifu hauko kwenye kano iliyopandikizwa bali pale ilipofungwa. Skrubu nene ya chuma, ya milimita 9, ilishika vizuri kuliko njia nyingine walizojaribu. Kipande cha mfupa huungana na tundu kwa takribani wiki 6 hadi 8. Kano tupu huhitaji kama 8 hadi 12. Baada ya hapo mwili wenyewe ndio unaoshika. Skrubu, basi, ina kazi ya miezi michache, lakini ya titani hubaki humo maisha yote.

Ndiyo maana skrubu inayoyeyuka ilipokelewa kwa matumaini makubwa. Imetengenezwa kwa polima ya asidi ya laktiki, haiachi kivuli kwenye picha ya MRI, na iliahidi kutoweka mfupa ukichukua nafasi yake. Ahadi hiyo imetimia nusu. Huchukua miaka kuyeyuka, na mara nyingi mfupa haujazi pengo. Baadhi ya magoti huvimba au kupata uvimbe wa maji. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 haukuona tofauti ya maana katika utendaji wa goti kati ya skrubu hiyo na ya chuma, ila ulionyesha, kwa ushahidi dhaifu, kwamba inayoyeyuka huenda ikashindwa mara nyingi zaidi, ikiwemo kuvunjika mikononi mwa daktari wakati wa kuikaza.

Kwa mgonjwa wa Babati ningechagua titani, na sababu yangu kubwa haimo katika uchambuzi huo. Polima hii haivumilii mvuke wa mashine ya kutakasia vifaa, huharibiwa na joto na unyevu, na ina tarehe ya kuisha muda. Hospitali inayofanya upasuaji huu mara chache itajikuta na boksi lililopitwa na wakati siku mgonjwa amefika. Titani inavumilia hayo yote. Kasoro zake ni za kweli: nyuzi zake zinaweza kukata kano, na hutia kivuli pale daktari anapotaka kuona gegedu.

Kwa mchezaji kijana, ambaye kano yake inaweza kukatika tena, hoja ya PEEK ina uzito. Ni plastiki ngumu isiyoyeyuka wala kutia kivuli, na daktari wa pili anaweza kutoboa katikati yake badala ya kuhangaika kuing'oa. Hata hivyo mfupa haushikamani nayo vizuri, na bei iko juu.

Huyo daktari wa pili ndiye anayenishughulisha zaidi. Huenda akawa mkoa mwingine, bila faili la kwanza. Boksi la kipandikizi huja na stika zenye aina ya malighafi, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Stika moja ibandikwe kwenye karatasi ya ruhusa anayoondoka nayo mgonjwa, na aelezwe ni ya nini kabla hajapanda basi.