Gamba la Kaa na Gamba la Kobe: Mpaka kati ya Kiunzi cha Nje na cha Ndani

Istilahi "kiunzi cha mifupa" hukwama inapomfikia kaa, kwa kuwa kaa hana mfupa hata mmoja. Kinachomhimili ni gamba la kitini lililokazwa kwa chokaa, na misuli yake hujishikiza upande wa ndani wa gamba hilo. Gamba halikui pamoja na mwili. Kaa hulazimika kulivua. Kaa wa nazi, anayepatikana katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, na ambaye spishi yake huweza kufikia takribani kilo 4, hujichimbia ardhini wakati huo, akabaki laini hadi gamba jipya litakapokauka. Lile kuukuu hulila, chokaa yake isipotee.

Kobe naye husemwa kuwa ana gamba, na hapo ndipo neno linapopotosha. Gamba lake ni sehemu ya kiunzi cha ndani: mbavu na pingili za uti wa mgongo zimetanuka na kuungana na mifupa iliyoota katika ngozi. Juu yake hutandazwa vigamba vya keratini, dutu ile ile ya kucha. (Vigamba vya ng'amba vilikuwa bidhaa ya mwambao wa Afrika Mashariki tangu karne ya 1.) Kwa kuwa ni mfupa hai wenye mishipa ya damu, gamba la kobe hukua pamoja naye, wala hawezi kulivua.

Kigezo cha uainishaji, basi, kiwe asili na ukuaji wa tishu badala ya mahali inapoonekana. Konokono bado ataleta utata: gamba lake li nje, lakini hurefuka ukingoni bila kuvuliwa kamwe.